Uvimbe wa titi umetolewa, majibu yamekuja na jina geni: Filodesi ni nini?

Wanawake wengi wanaotolewa uvimbe kwenye titi huondoka hospitali na agizo moja: rudi baada ya wiki mbili au tatu uchukue majibu ya kinyama. Wengine hawarudi kabisa. Kidonda kimepona, uvimbe haupo, nauli ina kazi nyingine, na daktari mwenyewe alishasema kwamba ulionekana kuwa uvimbe wa kawaida. Leo naandika kwa ajili ya wale waliorudi wakakuta kwenye karatasi jina ambalo hawajawahi kulisikia, na pia kwa ajili ya wale ambao majibu yao yamelala kwenye faili tangu mwaka jana.

Jina hilo ni uvimbe wa filodesi. Ni adimu. Katika kila vimbe 100 za matiti, filodesi haifiki hata mmoja. Kwa sababu hiyo hata baadhi ya wahudumu wa afya hawajawahi kukutana nao, na mgonjwa akiuliza hupewa majibu yanayopishana. Mmoja anamwambia ni saratani, mwingine anamwambia asijali, wa tatu anamwambia aende Dar es Salaam haraka.

Mama mmoja wa Marangu aliniletea karatasi ya namna hiyo. Baadhi ya mambo yake nimeyabadilisha ili asitambulike, na mwenyewe ameridhia niyaandike. Ana miaka 43, ana watoto watatu, anauza ndizi na maparachichi sokoni. Alianza kuhisi kitu kama kokwa ya parachichi ndani ya titi la kushoto. Hakikuuma. Mama mkwe wake alimwambia ni maziwa yaliyoganda, akakandwa kwa maji ya moto na majani. Baada ya miezi mitano ile kokwa ilikuwa imefika ukubwa wa ngumi, ngozi ya juu imevutika na kung'aa, mishipa inaonekana. Alipimwa ultrasaundi, akachomwa sindano, majibu yakasema faibroadenoma, yaani uvimbe wa kawaida usio saratani. Akafanyiwa upasuaji, akarudi nyumbani siku ya pili. Wiki tatu baadaye karatasi ikasema filodesi, daraja la kati, na kwamba uvimbe umegusa ukingo wa nyama iliyokatwa.

Swali lake la kwanza halikuhusu dawa wala gharama. Aliniuliza, "Daktari, nikifika nyumbani niwaambie nina saratani au sina?"

Ni swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa, na haliwezi kujibiwa kwa neno moja. Ngoja tulifikie taratibu.

Jina lenyewe

Aliyeupa uvimbe huu jina ni Mjerumani, Johannes Müller, mwaka 1838. Hiyo ni miaka kumi kabla ya mmisionari Johannes Rebmann kuuona mlima wetu na kuwaambia Wazungu kwamba una theluji. Müller alipoukata uvimbe aliona ndani yake mikunjo iliyobanana kama majani, akachukua neno la Kigiriki lenye maana ya jani. Ukitaka picha, kata kabichi katikati uangalie jinsi majani yalivyojikunja. Kwa bahati mbaya aliliunganisha jina hilo na neno sarkoma, ambalo kwa daktari yeyote wa leo lina maana ya saratani. Neno hilo limewatisha wagonjwa kwa zaidi ya miaka 100, ingawa sehemu kubwa ya filodesi si saratani. Siku hizi Shirika la Afya Duniani linatumia jina fupi, uvimbe wa filodesi, bila lile la kutisha mbele yake. Ukikuta jina refu la zamani kwenye karatasi yako, usikimbilie kuaga watoto.

Tofauti yake na saratani ya matiti tunayoisikia kila Oktoba ni hii. Fikiria kihamba chenye mifereji ya maji. Ndani ya titi kuna mifereji inayopitisha maziwa, na kuna nyama inayoishikilia mifereji hiyo, kama udongo unavyoushikilia mfereji. Saratani ya kawaida ya matiti huanzia kwenye mifereji na tezi za maziwa. Filodesi huanzia kwenye udongo. Magonjwa hayo mawili yanakaa kwenye shamba moja, lakini tabia zake ni tofauti na matibabu yake ni tofauti. Jirani yako aliyetibiwa saratani ya matiti hawezi kukueleza yatakayokupata wewe, hata kama anakupenda sana.

Kwa nini haukujulikana mapema?

Hapa ndipo wagonjwa wengi wanapokasirika, na naelewa hasira hiyo. "Walinipima wakaniambia ni kawaida. Walikosea?" Mara nyingi hapana. Filodesi na faibroadenoma hufanana sana zikishikwa kwa mkono, na hufanana kwenye ultrasaundi pia. Zote ni za mviringo, zina mpaka, zinateleza chini ya vidole. Sindano nyembamba huvuta chembechembe chache tu, na chembechembe hizo peke yake haziwezi kuonyesha yale majani niliyoyataja. Sindano nene inayokata kipande kidogo cha nyama husaidia zaidi, lakini nayo inaweza kuangukia sehemu ya uvimbe iliyo tulivu na kuiacha ile yenye shida. Jibu kamili hupatikana uvimbe wote ukitolewa, ukakatwakatwa na kuangaliwa na daktari wa patholojia kwenye hadubini. Kwa hiyo kujua baada ya upasuaji ni jambo la kawaida kwa ugonjwa huu, hapa Moshi, Nairobi na London vilevile.

Zipo dalili zinazopaswa kumfanya daktari ashuku mapema. Kwanza ni kasi: uvimbe unaoongezeka mara dufu ndani ya miezi michache. Pili ni ukubwa, hasa ukipita sentimita tatu au nne. Tatu ni umri. Faibroadenoma ni ya wasichana na wanawake walio chini ya miaka 30 kwa kawaida, wakati filodesi hupenda wenye miaka 35 hadi 55. Mwanamke wa miaka 43 mwenye faibroadenoma mpya inayokua haraka anastahili kutazamwa mara mbili. Ukiona dalili hizi, omba kwa adabu lakini bila aibu upimwe kwa sindano nene kabla ya kisu, au upelekwe kwa daktari bingwa wa upasuaji. Upasuaji wa kwanza ukipangwa kwa kujua, daktari hukata kwa upana unaostahili na mara nyingi ule wa pili hauhitajiki.

Madaraja matatu

Sasa nirudi kwenye swali la yule mama. Filodesi ina madaraja matatu, na daktari wa patholojia huyapanga kwa kuangalia seli zinavyogawanyika, zilivyobanana na kama zinavamia nyama ya jirani.

Daraja la kwanza si saratani. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wako hapa. Daraja la tatu ni saratani kamili, na hawa ni wachache. Katikati kuna daraja la pili, ambalo kitaalamu huitwa la mpakani. Seli zake hazijatulia kama za daraja la kwanza, wala hazijafikia ukorofi wa daraja la tatu.

Madaraja yote matatu yana tabia moja inayofanana: uvimbe unaweza kurudi palepale ulipotolewa. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba hurudi kwa takriban wagonjwa 8 kati ya 100 wa daraja la kwanza, 13 wa daraja la kati na 18 wa daraja la tatu. Zisome namba hizo kwa upande wa pili pia. Hata kwenye daraja baya zaidi, zaidi ya wagonjwa 80 kati ya 100 uvimbe haurudi palepale. Kusambaa kwenda sehemu nyingine za mwili, hasa mapafu, ni jambo la daraja la tatu. Daraja la kati husambaa kwa nadra sana, na la kwanza karibu halisambai kabisa.

Kwa hiyo nilimpa yule mama maneno ya kwenda nayo nyumbani, akayaandika nyuma ya kadi ya kliniki: "Nilitolewa uvimbe adimu. Si ile saratani ya matiti mnayoijua. Unaweza kurudi palepale, kwa hiyo nitafanyiwa upasuaji tena na nitafuatiliwa kwa miaka kadhaa." Alisoma mara mbili. Akasema, "Hii naweza kuisema."

Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona linavyowaumiza watu. Mtaani kuna vyumba viwili tu, una saratani au huna. Mwenye daraja la kati hana chumba. Akisema ana saratani, watu wanaanza kumlilia na kuulizana watoto wataachiwa nani. Akisema hana, anaulizwa kwa nini basi anakatwa tena na kwa nini anaomba mchango. Wapo wanaoamua kunyamaza kabisa, na kunyamaza huko ndiko kunakowafanya wakose kliniki, maana hawawezi kueleza wanakwenda wapi.

Ukingo ndio kila kitu, au karibu

Ukipokea karatasi ya majibu usiridhike na jina la ugonjwa. Uliza mambo mengine matatu: daraja, ukubwa kwa sentimita, na hali ya kingo. Kingo ni mzunguko wa nje wa kipande cha nyama kilichotolewa. Kama uvimbe umefika hadi kwenye ukingo, inawezekana mabaki kidogo yamebaki ndani ya titi. Kama kuna nyama safi kati ya uvimbe na ukingo, hali ni nzuri zaidi. Kwa miaka mingi madaktari walilenga sentimita moja ya nyama safi pande zote.

Faibroadenoma hutolewa kwa kuichomoa kama kokwa kutoka kwenye tunda, bila nyama ya pembeni. Ndiyo sababu filodesi iliyodhaniwa kuwa faibroadenoma mara nyingi hukutwa imegusa ukingo. Hakuna aliyezembea hapo. Ulifanyika upasuaji sahihi kwa ugonjwa uliodhaniwa.

Je, lazima ukatwe tena? Kwa daraja la pili na la tatu, ushauri wa wengi wetu ni ndiyo. Kwa daraja la kwanza mambo yamelegea miaka ya karibuni, kwa kuwa imeonekana wengi wao uvimbe haurudi hata kama kingo zilikuwa finyu. Daktari anaweza kukubaliana nawe msikate tena, mfuatilie kwa karibu. Mimi kwa mtazamo wangu nauliza swali moja kabla ya kukubali njia hiyo: mgonjwa huyu atarudi kliniki kweli? Anayekaa dakika kumi kutoka hospitali, mwenye bima na simu inayopatikana, naweza kumfuatilia. Anayeishi juu kabisa migombani, ambaye mvua za masika zikianza njia yake inakuwa utelezi na nauli ya kwenda na kurudi ni mauzo ya siku nzima, namweleza wazi kwamba kufuatilia ni kazi, na tunaamua wote wawili tukijua hilo.

Yule mama majibu yake yalifika katikati ya Novemba. Kila anayeijua Kilimanjaro anajua maana yake. Desemba watoto wa ukoo wanapanda kutoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na kwingineko, nyumba inajaa, mbuzi anachinjwa, mbege inapikwa, na mama wa nyumba ndiye nguzo. Aliniomba upasuaji wa pili usubiri hadi Januari, wageni wakishaondoka. Hakutaka Krismasi ya watu iharibike.

Wasomaji wengi watapenda kujua kama kusubiri kunaruhusiwa. Kwa daraja la kwanza na la pili, wiki chache hazibadilishi kitu. Kidonda cha kwanza kinahitaji muda wa kupona, na kupanga vizuri kuna faida kuliko papara. Tatizo ni kwamba "Januari" ya mgonjwa ina tabia ya kugeuka kuwa Machi, kwa sababu Januari kuna ada za shule. Kwa daraja la tatu singekubali hata wiki hizo bila sababu ya kitabibu. Tulizungumza, akaja na mume wake siku ya pili, na ni mume aliyesema kwamba wageni wanaweza kupikiwa na wifi zake. Alifanyiwa upasuaji wiki ya kwanza ya Desemba. Krismasi alikaa kwenye kiti chini ya mwembe akielekeza watu, mkono wa kushoto ukiwa haunyanyui chochote. Aliniambia baadaye kwamba kilichomshinda zaidi kilikuwa kuona chumvi inawekwa vibaya na kunyamaza.

Kuhusu mkono huo: baada ya upasuaji wa titi usibebe mkungu wa ndizi kichwani, usilime, usichote maji kwa ndoo kubwa kwa wiki nne hadi sita, au kama daktari wako atakavyosema. Lakini usiufunge mkono ukakauka. Usogeze taratibu kila siku, chana nywele, anika nguo nyepesi.

Yasiyohitajika

Kuna mambo ambayo mgonjwa wa filodesi huogopa bure kwa kuwa ameyaona kwa wenye saratani ya kawaida ya matiti. Kutolewa tezi za kwapani ni moja. Filodesi kwa nadra sana hupita kwenye tezi hizo, kwa hiyo kwapa huachwa isipokuwa kuna tezi iliyovimba na kupimwa. Vidonge vya kuzuia homoni ambavyo wengine humeza kwa miaka mitano havina kazi hapa. Dawa za saratani za kupitia mshipa, zile zinazotoa nywele, hazitumiki kwa daraja la kwanza na la pili, na hata kwa la tatu nafasi yake ni finyu. Mionzi inaweza kushauriwa kwa daraja la tatu, na wakati mwingine la pili, hasa uvimbe ukiwa mkubwa au kingo zikishindikana.

Kutolewa titi zima hutokea. Sitaficha hilo. Hutokea uvimbe ukiwa umelimaliza titi kiasi kwamba hakuna njia ya kuukata na kubakiza kitu chenye umbo, au ukirudi mara kwa mara. Ndiyo sababu nawasihi wanaokanda kwa majani ya moto wapime kwanza. Uvimbe wa sentimita tatu unatoka na titi linabaki. Ukifika ukubwa wa nazi, mazungumzo ni mengine, hata kama si saratani.

Usiondoke bila kinyama chako

Lipo jambo linalonikera, na nitalisema. Bado nakutana na wanawake waliotolewa uvimbe kwenye vituo mbalimbali, ambao uvimbe huo haukupelekwa maabara yoyote. Waliambiwa hauna haja, ni wa kawaida. Wengine walikabidhiwa wenyewe kwenye mfuko wa plastiki wakauzike. Mmoja alikuja kwangu uvimbe umerudi mara ya tatu, na hakuna mtu duniani anayeweza kusema ule wa kwanza ulikuwa nini.

Kila uvimbe unaotolewa kwenye titi upelekwe maabara ya patholojia. Kabla ya kuingia chumba cha upasuaji uliza nani atakipeleka kinyama, wapi, na utalipia kiasi gani. Mara nyingine familia huambiwa ipeleke yenyewe. Kama ndivyo, hakikisha kimewekwa kwenye chupa yenye mdomo mpana na dawa ya formalini ya kutosha kukifunika kabisa, kimeandikwa jina lako, umri, upande wa titi na tarehe. Usikiweke kwenye maji, wala spiriti, wala friji. Nyama iliyooza haisomeki, na hakuna anayeweza kuirudisha.

Kwetu huku maabara ya patholojia iko KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971, na hospitali za wilaya na za mashirika ya dini huko milimani hupeleka huko vipimo na wagonjwa wake. KCMC pia ina kituo cha saratani kilichofunguliwa mwishoni mwa 2016, ambapo mgonjwa anaweza kujadiliwa na madaktari wa fani tofauti badala ya mmoja. Kwa miaka mingi wanaohitaji mionzi walipewa rufaa, wengi kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam. Ukiambiwa uende, usiende mikono mitupu. Beba barua ya rufaa, majibu ya kinyama na picha za ultrasaundi.

Na kama una shaka na majibu, unayo haki ya kuomba yaangaliwe na daktari wa pili wa patholojia. Maabara huhifadhi vipande vyako ndani ya nta pamoja na vioo vilivyosomwa, na vinaweza kupelekwa kwingine bila wewe kukatwa tena. Kwa ugonjwa adimu kama huu, ambapo madaraja hutenganishwa na vitu vidogo, hata sisi madaktari tunaombana macho ya pili. Hakuna daktari mzuri anayekasirika kwa ombi hilo.

Usiku na simu

Wagonjwa wangu wengi wananiambia kwamba mchana wanamudu. Usiku ndio mgumu. Nyumba imelala, simu iko mkononi, wanaandika jina la ugonjwa na picha za kwanza kutokea ni matiti makubwa yaliyopasuka. Picha hizo ni za kweli, lakini huwekwa kwa sababu ni za ajabu. Hakuna anayepiga picha kovu la sentimita tano lililopona.

Ninachoshauri ni kuwa na daftari. Swali likija saa nane usiku liandike, ulete kliniki. Mpe mtu mmoja kazi ya kusikiliza, dada, rafiki au mwenzi, na umwambie kabisa kwamba hutaki ushauri, unataka asikilize. Ukisali, sali na watu wako wa jumuiya, lakini uwaambie siku ya kliniki ili wakuombee uende, wasije wakakuambia umeshapona huna haja ya kurudi. Ukiona wiki mbili zimepita huli, hulali, hutaki kuongea na watoto, mwambie daktari. Hiyo nayo inatibika, na haina uhusiano na udhaifu wa imani.

Watoto waambieni ukweli wa kimo chao. Mtoto wa darasa la pili anatosheka na "mama alikuwa na uvimbe, umetolewa, mkono unauma kidogo, usinirukie." Mtoto wa sekondari atasoma karatasi ukiificha wapi sijui, kwa hiyo afadhali aisome mkiwa wote. Mtoto wa kike ataogopa kwamba na yeye ataupata. Mwambieni kwamba filodesi kwa kawaida haipiti kwenye familia. Kuna hitilafu moja ya nadra sana ya kurithi inayohusishwa nayo, na familia hizo huwa na saratani nyingi za aina tofauti kwa watu wenye umri mdogo. Kama kwenu hakuna historia hiyo, binti yako hana sababu ya kukosa usingizi.

Kwa wazazi wa mabinti

Wazazi hunitumia maswali kuhusu vimbe za mabinti zao, na hapa lazima nitenganishe mambo mawili. Binti wa miaka 16 mwenye kitu kinachoteleza ndani ya titi ana uwezekano mkubwa sana wa kuwa na faibroadenoma. Apimwe ultrasaundi, sio mamografia, maana titi la umri huo limeshikana na mamografia haioni vizuri. Ikiwa ndogo na haikui, inaweza kuachwa na kuangaliwa tena baada ya miezi sita. Ikikua haraka itolewe na ipelekwe maabara, kwa kuwa filodesi huwapata mabinti pia, ingawa kwa nadra.

Lakini binti wa miaka minane au tisa mwenye kigumu chini ya chuchu, upande mmoja, ni jambo tofauti kabisa. Mara nyingi hilo ni titi lenyewe linaanza kuota. Huanza upande mmoja, huuma likiguswa, na mwenzake hufuata baada ya miezi. Likikatwa kwa kudhaniwa uvimbe, titi hilo halitaota tena maisha yake yote. Mpelekeni kwa daktari, lakini msikubali kisu kabla ya maelezo ya kutosha. Na asikandwe.

Akina mama wanaonyonyesha huuliza kama mtoto anaweza kuambukizwa kupitia maziwa. Hawezi. Kidonda kikipona mtoto anaweza kunyonya titi lililopasuliwa, na kama mirija ya upande huo imekatwa, titi la pili likinyonywa vizuri linatosha kumlisha. Ukiwa mjamzito na ulishawahi kutolewa filodesi, mwambie mkunga mapema, kwa kuwa vimbe za matiti zinaweza kukua haraka wakati wa ujauzito na kila mtu akadhani ni maziwa.

Baada ya hapo

Ufuatiliaji kwa kawaida ni kila miezi sita kwa miaka miwili au mitatu ya kwanza, kisha mara moja kwa mwaka. Filodesi ikirudi hurudi zaidi ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Kila safari utashikwa matiti yote mawili na kwapa, na utapimwa ultrasaundi au mamografia kulingana na umri. Wenye daraja la tatu hupigwa picha ya kifua pia. Nyumbani, jishike mara moja kwa mwezi siku chache baada ya hedhi, hasa pembeni mwa kovu. Kovu lenyewe huwa gumu miezi ya mwanzo, hilo lisikutishe. Kitu kipya cha mviringo kinachoongezeka wiki hadi wiki ndicho cha kukuleta kliniki bila kusubiri tarehe.

Kuhusu fedha, kama una bima ya afya uliza mapema kabla ya upasuaji wa pili kama kipimo cha patholojia kimo, usisubiri dirishani. Kama huna, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ukiwa na barua ya serikali ya kijiji. Mwanachama wa kikoba aulize kama mfuko wa jamii wa kikundi unahusu matibabu au misiba tu. Vikundi vingi havijawahi kulijadili hilo mpaka mtu augue.

Karatasi zako za majibu zitie kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki, uziweke mahali pasipovuja, na uzipige picha kwa simu umtumie mtu wa pili unayemwamini. Ukihamia Arusha kwa mwanao au ukaugua ukiwa Tanga msibani, daktari atakayekupokea huko hataweza kuotea daraja lako kwa kuangalia kovu.